Siku Tatu Karakanani, Siku Mbili Darasani

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili aliniandikia akasema kwamba wavulana wa kidato cha nne na cha sita humwuliza swali lile lile kila mwaka: Je, mtu aweza kuendelea na masomo huku akifanya kazi na kulipwa, au ni lazima amalize masomo kwanza ndipo aanze kutafuta kazi? Akanitaka nijibu, kwa kuwa yeye ajua kwamba mimi nilipita katika njia hiyo. Nimekubali kwa sharti moja, nalo ni kwamba nitaeleza na yale yaliyonishinda. Barua nyingi zitokazo ng'ambo hutaja theluji na mshahara tu, na msomaji hubaki vile vile alivyokuwa.

Kwanza neno lenyewe. Katika Kiswahili cha pwani mtu anayejifunza kazi kwa fundi huitwa mwanagenzi. Hapo zamani kijana aliyetaka kujua useremala, uhunzi au kuunda vyombo vya baharini alipelekwa na wazee wake kwa fundi. Alianza kwa kufagia takataka za mbao na kushika ncha ya ubao, baadaye akatiwa chombo mkononi, na siku alipofuzu alimpa mwalimu wake kilemba, ndiyo zawadi ya kumshukuru. Sisi wa Uganda pengine hatulitumii neno hilo la mwanagenzi, lakini jambo lenyewe tunalo. Mtu aende Katwe, Kampala, ataliona mlango kwa mlango.

Mimi mwenyewe nilikuwa Katwe mwaka mmoja na zaidi baada ya kidato cha sita, maana alama zangu hazikutosha kupata nafasi ya kulipiwa na serikali katika chuo kikuu. Nilijifunza kuunga chuma kwa mzee mmoja aliyetengeneza milango na mageti. Alikuwa fundi kweli. Aliweza kutupa jicho moja juu ya geti akasema, "Kona ile imekimbia," nasi tukipima twaona imekimbia kweli, upana wa kidole. Lakini nilipomwuliza kwa nini fremu hupinda tukianza kuunga upande huu, na haipindi tukianza upande ule, alinijibu, "Ndivyo chuma kilivyo, kijana wangu."

Wakati huo huo rafiki yangu mmoja, tuliyekaa naye dawati moja hapo shuleni, alikuwa akisoma uhandisi. Yeye aliweza kunieleza vizuri kwamba chuma kikipashwa moto hutanuka, kikipoa hunywea, na kule kunywea ndiko kuvutako fremu. Ila hakuwa amepata kushika kifaa cha kuungia hata siku moja. Jioni moja tulikaa karakanani tukajaribu pamoja, yeye akieleza na mimi nikiunga kidogo huku na kidogo kule kwa kupokezana pande, na fremu ikatoka sawa. Ndipo nikaanza kuuliza kama kuna mahali ambapo mtu mmoja aweza kupewa yote mawili.

Nchi zenye mpango wa namna hiyo ni kadhaa, kama Uswisi na Austria. Mimi nilikwenda Ujerumani. Nilijifunza Kijerumani Kampala kwa muda wa miezi 11 mpaka nikafaulu mtihani wa daraja liitwalo B1, na tarehe 1 Septemba 2021 nikaanza kazi katika kiwanda kimoja cha mji mdogo wa jimbo la Baden-Württemberg.

Mpango wao ni huu. Kijana huandikiana mapatano na kampuni, si na shule. Kampuni humfundisha kazi siku 3 au 4 za juma na kumlipa. Siku 1 au 2 zilizobaki sheria yailazimisha kumwacha aende shule ya ufundi, wala siku hizo hazikatwi katika malipo yake. Shule nyingine huzikusanya siku hizo zikawa majuma kadhaa mfululizo. Kazi zinazofundishwa hivyo ni zaidi ya 320, nazo si za nyundo na grisi tu. Wamo makarani wa benki, waokaji mikate, mafundi wa umeme, watengeneza miwani, watunza bustani, na watu wa programu za kompyuta. Nyingi huchukua miaka 3. Yangu, ufundi wa mitambo ya viwandani, huchukua miaka 3 na nusu.

Jambo hili halikuzuka kwa siku moja. Tangu karne za kati mafundi wa miji ya Ujerumani walikuwa na vyama vyao, na ndani yake daraja tatu: mwanagenzi, fundi aliyefuzu, na fundi mkuu. Fundi aliyefuzu alifunga safari, akaenda mji hata mji akifanya kazi kwa watu mbalimbali ili aone mengi, na desturi ilikuwa miaka 3 na siku 1. Hata leo wako wachache wanaoifuata desturi hiyo, hasa maseremala. Nami niliwahi kumwona mmoja kituo cha gari la moshi, kavaa suruali nyeusi pana na kofia, fimbo mkononi na mzigo wake begani. Nilidhani ni mchezaji wa maigizo mpaka nilipoambiwa.

Shule iliongezwa baadaye. Mtu anayetajwa sana katika habari hiyo ni Georg Kerschensteiner, aliyekuwa mkuu wa shule za mji wa München tangu mwaka 1895. Kabla yake wanagenzi walikuwa wakikalishwa darasani jioni au Jumapili, wamechoka, kurudia kusoma na kuhesabu kama watoto. Yeye alizigawa shule zile kwa kazi, waokaji na waokaji, maseremala na maseremala, na kila somo likatokea katika kazi yao wenyewe. Sheria inayoutawala mpango wote ilipitishwa mwaka 1969, ikarekebishwa sana mwaka 2005 na tena mwaka 2020.

Sasa mapatano. Nilipopewa karatasi zangu nilizisoma usiku kucha, kamusi kando, nami nawasihi mtakaoandikiana na kampuni yo yote, ya kwetu au ya mbali, mfanye vivyo hivyo. Miezi ya kwanza, isiyopungua 1 wala kuzidi 4, ni ya kujaribiana. Katika muda huo kila upande waweza kuvunja mapatano bila kutoa sababu. Baada ya hapo kampuni haiwezi kukufukuza ovyo. Vyombo vya kazi hupewi kwa kuuziwa, hupewa bure, hata vile vya mtihani. Haruhusiwi mtu kumpa mwanagenzi kazi zisizomfundisha kitu. Kufagia tulifagia, lakini mahali petu wenyewe. Hakuna aliyetutuma kumwoshea gari.

Malipo si makubwa. Walioanza mwaka 2025 sheria iliwawekea kima cha chini cha euro 682 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, 805 mwaka wa pili, 921 mwaka wa tatu, na 955 mwaka wa nne. Mimi niliyeanza mwaka 2021 kima kilikuwa euro 550, ila kampuni yangu ililipa zaidi kwa sababu ya mapatano yake na chama cha wafanyakazi. Hata hivyo makato ya bima yalitangulia, chumba kikala karibu nusu ya kilichobaki, na fedha za kupeleka nyumbani mwaka ule wa kwanza zilikuwa za kuona haya. Mama yangu aliambiwa na majirani kwamba nimemsahau. Mwenye kutaka utajiri wa haraka asiifuate njia hii.

Kila kampuni inayofundisha ni lazima iwe na mkufunzi. Haitoshi awe hodari wa kazi; kwa kawaida hupaswa kuwa amefaulu mtihani wa kufundisha, aonyeshe kwamba ajua kupanga mafunzo na kuwaongoza vijana. Wetu alikuwa mtu mfupi wa maneno machache, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni, amekaa katika kiwanda kile miaka mingi kuliko umri wangu. Nitamwita Mkufunzi tu.

Majuma sita ya kwanza sikugusa mashine yo yote. Tulikuwa wanagenzi 9, kila mmoja mbele ya jiliwa lake, na kila mmoja akapewa kipande cha chuma na tupa. Kazi ilikuwa kukipiga tupa mpaka nyuso zake ziwe bapa na kona zake ziwe mraba kwa vipimo vya ramani. Mimi niliyetoka Katwe nilicheka moyoni. Siku ya tatu sikucheka tena. Tupa hula chuma ikisukumwa mbele tu. Ukiikandamiza wakati wa kuirudisha waharibu meno yake bure. Nayo mikono ikipanda na kushuka, uso wa chuma huwa kama mgongo wa kobe. Mkufunzi alichukua rula ya chuma yenye ukingo mwembamba kama wembe, akaisimamisha juu ya kazi yangu, akaviinua vyote viwili mbele ya dirisha. "Waona nini?" Niliona mwanga ukipenya kwenye ncha zote mbili. "Basi hapo katikati bado pana chuma kingi," akasema, akaenda kwa mwingine.

Ramani ilisema milimita 40, na kando yake palikuwa na kiasi kilichoruhusiwa kukosea, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita juu au chini. Nilidhani ni ukali wa bure. Siku ya shule mwalimu wa hesabu akalichukua jambo lile lile. Kipande chaweza kuwa milimita 39.9 au 40.1 nacho bado ni chema. Nje ya hapo ni takataka. Akauliza kwa nini, nasi tukanyamaza. Akaeleza kwamba mhimili waweza kutengenezwa katika mji huu na tundu lake katika nchi nyingine, na watu wawili wale hawataonana kamwe. Kinachowapatanisha ni tarakimu zile mbili peke yake. Kesho yake nilipolishika tupa mkono wangu ulikuwa mwepesi zaidi. Katwe tulikuwa tukitengeneza bawaba na mlango wake pamoja, kimoja kikikataa twakigonga nyundo. Sikuwa nimepata kuwaza mtu asiyekuwapo.

Siku kama hizo ndizo zilizonifanya niupende mpango huu. Lakini hazikuja kila juma, na sasa nafika kwenye makosa yangu.

Kila mwanagenzi huweka daftari la kazi. Humo huandika juma kwa juma amefanya nini kiwandani na amesoma nini shuleni, na mkufunzi hulitia sahihi. Si mapambo, asiyekuwa na daftari lililotiwa sahihi hakubaliwi katika mtihani wa mwisho. Mimi nililiona kama adhabu. Ijumaa saa nane, wenzangu wakifunga masanduku, nilijaza haraka haraka: "Nilisaidia kwenye mashine ya kukereza." Juma la pili: "Nilisaidia kubadili sehemu." Mkufunzi alitia sahihi mara mbili tatu, kisha akaacha. Juma la tano nikamfuata. Akaweka kidole juu ya neno nilisaidia. "Mlango pia husaidia," akasema. "Wewe ulifanya nini?"

Nikaona aibu, maana kweli sikuweza kumjibu. Nilikuwa nimesimama kando ya fundi wa zamu siku nne nikimpa funguo. Akanirudishia majuma yote matano niyaandike upya, na kila ukurasa uwe na mambo matatu: nilichofanya kwa mikono yangu, nilichokosea, na sababu ya kosa hilo. Nikamwambia kwamba juma moja sikukosea. Akanitazama juu ya miwani, akasema basi juma hilo sikufanya kazi.

Nitatoa mfano mmoja wa ukurasa wa namna hiyo, kwa kuwa ulinifaa baadaye. Nilipewa kuvika beringi kwenye mhimili. Beringi ina pete ya ndani na pete ya nje, na kati yake mipira ya chuma. Pete ya ndani ndiyo iliyobana mhimili, lakini mimi nikaigonga pete ya nje kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na nyundo. Mkufunzi alikuwa upande wa pili wa karakana. Akasikia sauti tu, akainua mkono. Beringi ile ikatupwa, ijapokuwa kwa macho haikuwa na alama yo yote. Jioni niliandika sababu: ukigonga pete ya nje, nguvu hupita katika mipira ndipo ifike ndani, na mipira huacha vishimo vidogo katika njia yake, mtambo utazunguka leo na kesho, kisha utaanza kulia. Kwa hiyo hugongwa pete ile inayobana, na kwa bomba linalokaa sawa juu yake pande zote. Tangu siku hiyo sijaharibu beringi nyingine.

Basi daftari likawa zuri, nami nikajiona nimefika. Huku shuleni, hata hivyo, nilikuwa naficha jambo. Mwalimu wa uchoraji wa ramani alisema upesi, tena kwa lafudhi ya jimbo lile, na Kijerumani changu cha Kampala hakikumfuata. Nilinakili ubao wote kama mchoraji anakilivyo picha, nikaitikia kwa kichwa. Karakanani hapakuonekana kasoro, kwa sababu mezani palikuwapo daima kipande cha mfano kilichokwisha tengenezwa. Wenzangu walisoma ramani; mimi nilitazama kipande. Mikono yangu ilikuwa hodari kuliko ya wengi wao, na sifa zile zikanifunika. Mwaka mmoja na nusu ukapita hivyo, wala sikumwambia mtu. Mimi ni mwana wa shule hii, niliyewahi kupewa zawadi ya hesabu mbele ya wazazi. Ningesemaje kwamba sielewi picha?

Mtihani wetu una sehemu mbili. Ya kwanza hufanywa katika mwaka wa pili, na alama zake ni 40 katika 100 za mtihani mzima. Sehemu ya pili, mwishoni, ni 60. Sehemu ya kwanza haiwezi kurudiwa peke yake. Utakachopata utakibeba mpaka mwisho. Mwaka 2023, majira ya kuchipua majani, niliingia katika chumba cha mtihani, nikapewa vyuma na ramani nitengeneze vipande na kuviunganisha viwe kifaa kinachofanya kazi. Kipande cha mfano hakikuwapo.

Ramani ya ufundi huonyesha kitu kimoja kutoka pande kadhaa. Katikati huwa sura ya mbele, na kuliani pamechorwa ubavu mmoja. Ubavu upi? Mimi nilisema moyoni kwamba uliochorwa kulia ni wa kulia, nikatoboa matundu mawili huko. Katika ramani za Ulaya sivyo. Kulia huchorwa ubavu wa kushoto. Kifaa changu hakikuungana, na saa zilikuwa zimekwisha. Nilipata alama 54.

Usiku ule sikulala. Kibali changu cha kukaa katika nchi ile kilitegemea mafunzo, na mafunzo yalitegemea mtihani. Nilifikiri habari za nauli aliyokopa mjomba, na majirani wa mama. Asubuhi nikamwendea Mkufunzi nikamweleza yote, tangu siku ya kwanza ya kunakili ubao. Nilitazamia anikemee. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Na mimi nimekosa. Niliyasoma yale ya karakana katika daftari lako, yale ya shule nikayaruka."

Hapo ndipo nilipojua mkufunzi ni mtu wa namna gani. Alimpigia simu mwalimu wa shule mbele yangu, wakapatana. Tangu juma hilo, kila Jumatatu nusu saa kabla ya kazi, nilimletea ramani moja ya shuleni, naye alileta kiazi na kisu. Ndiyo, kiazi. Nilikata kiazi kwa kufuata ramani, bila mfano wo wote. Nanyi mnaosoma uchoraji mwaweza kujaribu: kilaze kitu juu ya karatasi, sura yake ya mbele ikitazama juu, kisha kipindue kuelekea kulia. Sasa kimekaa upande wa kulia wa karatasi, na ubavu unaoutazama ni wake wa kushoto. Kipindue kuja kwako, nawe utaona sehemu yake ya juu, imechorwa chini. Wamarekani hufanya kinyume, ubavu wa kushoto huchorwa kushoto, ndiyo maana kwenye ramani hutiwa alama ndogo ya kuonyesha ni desturi ipi iliyofuatwa. Jambo la dakika kumi, nami lilikuwa limenigharimu hofu ya miezi mingi, kwa kutouliza tu.

Kiswahili husema kuuliza si ujinga, na methali hiyo twaijua sote tangu darasa la tatu. Lakini mwanafunzi aliyezoea kusifiwa huiona imesemwa kwa ajili ya wengine.

Sehemu ya pili ilikuwa majira ya baridi, mwishoni mwa mwaka 2024 na mwanzoni mwa mwaka 2025. Kampuni huweza kuchagua mtihani wa namna mbili, na yetu ilichagua kazi halisi ya kiwandani. Yangu ilikuwa kutengeneza upya ukanda wa kuchukulia bidhaa uliokuwa ukikwama, kuandika hatua zake zote, kisha kuhojiwa muda usiozidi nusu saa. Wanaohoji huwa wa pande tatu, mtu wa waajiri, mtu wa wafanyakazi, na mwalimu wa shule ya ufundi, ili pasiwe na upande mmoja wa kujipendelea. Mzee wa wafanyakazi akaniuliza, "Beringi hii uliivikaje, na ungeigonga pete ya nje ingekuwaje?" Niliona ukurasa wangu mbele ya macho kama nilivyouandika, na nikamweleza habari ya vishimo na mtambo unaoanza kulia siku ya tatu.

Nilipata alama 81. Fanyeni hesabu: 54 mara 0.4 ni 21.6, 81 mara 0.6 ni 48.6; jumla 70.2. Kwa Wajerumani hiyo ni daraja la kuridhisha, si nzuri. Laiti ningaliuliza mapema ningalipata nzuri, na cheti changu kitasema hivyo maisha yangu yote. Kampuni ilinipa kazi. Haikulazimika kunipa, wala mimi sikulazimika kukubali, maana sheria haikubali mwanagenzi afungwe tangu mwanzo kwamba akimaliza lazima abaki.

Nilimpelekea Mkufunzi kilemba chake, kilo mbili za kahawa ya Bugisu, na nikamweleza desturi ya pwani. Alikwenda kwanza ofisini kuuliza kama aruhusiwa kuipokea. Aliporudi akaigawa kwa karakana nzima.

Sasa niwajibu wale waliouliza habari za kwenda. Jihadharini na watu wanaouza nafasi. Jamaa yangu mmoja alilipa fedha nyingi mno kwa wakala, akapewa karatasi yenye nembo ya kampuni, na kampuni yenyewe haikuwa na habari naye. Sheria ya Ujerumani hubatilisha mapatano yo yote yanayomdai mwanagenzi malipo ili afundishwe. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kampuni yataka "ada ya mafunzo" ni mwongo. Tena mapatano ya kweli huandikwa katika daftari la chama cha biashara na viwanda au cha mafundi cha mahali pale. Uliza ni chama kipi, ukakiandikie mwenyewe kabla ya kuuza hata mbuzi. Kijerumani anza sasa, wala usiishie pale mtihani wa B1 unapoishia. Mimi nilifaulu mtihani huo, na mwalimu wa ramani akanishinda.

Na asiyekwenda popote asidhani kwamba jambo hili limempita. Viwanda vya sukari, vya saruji na vya umeme viko kwetu, na watu wazima wenye kujua kazi wamo ndani yake. Ukipata nafasi ya kujifunza kazini, hata ya miezi mitatu ya likizo, uliza mambo haya kabla ya kukubali: Ni nani, kwa jina, atakayenifundisha? Nitapewa nafasi ya kwenda darasani siku gani? Ni nani atakayetia sahihi kwamba nimejua, na mtihani wake ni upi? Wakikujibu "tutaona", wewe pia sema utaona. Daftari nunua mwenyewe, la kurasa 96 latosha mwaka mmoja ukiandika ukurasa kila juma na kubakiza nafasi ya michoro.

Yule mzee wangu wa Katwe nilimtembelea nilipokuja likizo mwezi wa Agosti 2025. Nilimwonyesha kwa nini fremu hupinda, kwa chaki sakafuni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali mawili ambayo sikuweza kuyajibu, nami nimeyachukua kumpelekea Mkufunzi. Atakayependa kuuliza zaidi na amwandikie Mhariri, naye atanifikishia.